Pasipoti ni ya Mtoto, Wazazi Hampati Makaratasi

Swali limerudi tena wiki hii, na safari hii aliyeniuliza alikuwa ameshalipa nauli: "Wakili, mama akijifungulia Marekani, si na sisi wazazi tunapata makaratasi?"

Hapana. Anayepata ni mtoto peke yake. Naandika nikiwa nimekasirika, kwa sababu kuna mawakala wanaouza safari hizi kwa ahadi hiyo hiyo, na familia zinatoa akiba yote kununua kitu ambacho sheria haina.

Misingi niipite haraka. Marekani humpa uraia anayezaliwa kwenye ardhi yake kwa Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868. Canada na Brazil nazo hufanya hivyo. Uingereza ilifunga mlango tarehe 1 Januari 1983, Australia 1986, Ireland 2005 baada ya kura ya maoni ya mwaka uliotangulia, New Zealand 2006. Mtoto wa wazazi wenye viza za matembezi akizaliwa London leo hapati uraia wa Uingereza, na nashangaa bado kuna watu wanaokata tiketi wakiamini anaupata.

Hata kwa Marekani, vitabu vingi vina uhakika kuliko nilio nao mimi. Vinataja kesi ya Wong Kim Ark ya mwaka 1898, ambapo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu huyo, aliyezaliwa San Francisco na wazazi Wachina, ni raia, kisha vinafunga mjadala. Lakini wazazi wa Wong walikuwa na makazi ya kudumu San Francisco, na hukumu yenyewe inalitaja jambo hilo. Hapo ndipo wanapopashika wanaotaka kuwatenga watoto wa wageni wa muda. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kuwanyima uraia watoto ambao mama yupo nchini kwa viza ya muda na baba si raia wala mkaazi wa kudumu. Majaji waliizuia kabla ya kuanza kutumika. Mimi naona maneno ya Katiba ni mapana ya kutosha kumlinda mtoto huyo, lakini simwambii mteja kwamba jambo limekwisha. Anayepanga safari aangalie kesi zimefika wapi siku anayopanga.

Sasa wazazi. Mtoto raia wa Marekani anaweza kuwaombea wazazi wake grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, akifikisha miaka 21, si siku anayotoka wodini. Kabla ya hapo uraia wake hauwazuii wazazi kurudishwa kwao. Mzazi akipitiliza muda wa viza kwa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, hujifungia mlango kwa miaka 3. Akifikisha mwaka, ni miaka 10. Nadhani hadithi ya makaratasi ya papo kwa papo imetoka Brazil, ambako mzazi wa mtoto Mbrazili anaweza kuomba ukaazi, na muda wa kusubiri kabla ya kuomba uraia hushuka kutoka miaka 4 hadi mmoja. Lakini lazima uishi huko na ujue Kireno.

Kinachonichemsha damu zaidi ni uongo unaosemwa kwenye dirisha la ubalozi, wakati wa kuomba viza. Tangu tarehe 24 Januari 2020, afisa wa ubalozi wa Marekani anatakiwa kukunyima viza ya matembezi akiamini lengo lako kuu ni kumzaa mtoto huko ili apate uraia. Kusafiri na mimba si kosa, wala kujifungulia huko si kosa. Kosa ni kudanganya. Na wakala ndicho anachofundisha: vaa gauni pana, sema unakwenda kutalii.

Kauli ya uongo juu ya jambo la msingi, iliyotolewa ili kupata viza, inakuzuia kuingia Marekani maisha yako yote. Msamaha upo, lakini anayetaka grini kadi ili auombe lazima aonyeshe kwamba mume, mke au mzazi wake, aliye raia au mkaazi wa kudumu, atapata dhiki kubwa yeye akikataliwa. Soma tena orodha hiyo: mtoto hayumo. Kwa hiyo miaka 21 inapita, kijana anamwombea mama yake, afisa anafungua faili la zamani na kuliweka kando ya cheti cha kuzaliwa. Yule mtoto ambaye uongo ulisemwa kwa ajili yake ndiye asiyeweza kumwokoa mama. Canada ni wapole kidogo: kwa uongo wa namna hiyo marufuku yao ni miaka 5.

Mtu ataniuliza, nikisema ukweli nitapewa viza? Huenda ukanyimwa. Kanuni inazungumzia "lengo kuu", na siamini kuna afisa anayeweza kuupima moyo wa mtu kwa dakika chache za mahojiano. Mama mwenye sababu ya kitabibu, miadi ya daktari na fedha za kulipa anaweza kukubaliwa, na mwingine mwenye karatasi zile zile akakataliwa. Hilo si haki, nakiri. Bado nasema semeni kweli, kwa sababu viza iliyonyimwa huombwa tena.

Mengine kwa ufupi: raia wa Marekani huwajibika kwa kodi ya huko hata akiishi nje, na wa kiume huingia kwenye sajili ya jeshi akifika miaka 18. Tena uraia huo haurithiwi kirahisi. Mtoto wenu akikulia nje, akaoa asiye raia na kuzaa nje, mjukuu hapati uraia kwa kuzaliwa isipokuwa baba yake aliishi Marekani miaka 5, miwili kati yake baada ya kutimiza miaka 14.

Kama mtoto ameshazaliwa huko, tunzeni risiti za hospitali. Mzazi atakapoomba viza upya, jiandaeni kuulizwa nani alilipa.