Joyce Laboso na uwongo wa "akawanie kwa mumewe"

Kazi yangu ni kuwaandaa wanawake wanaotaka viti vya kaunti nchini Kenya, na kila msimu wa uchaguzi nasikia neno lile lile: "Mimi nimeolewa kaunti nyingine, nyumbani hawawezi kunichagua." Wengine wameambiwa hivyo na wazee, wengine na kaka zao. Nimechoka kulisikia, kwa sababu Kaunti ya Bomet ilishalijibu.

Joyce Laboso, Mkipsigis wa Bomet, aliolewa na Mluo. Wapinzani wake wakamtupia ndoa hiyo kwenye kampeni: aende akaombe kura Nyanza, kwa Waluo. Hakwenda. Alichaguliwa mbunge wa Sotik, huko huko Bomet, mwaka 2008, akatetea kiti 2013, na 2017 akamwangusha Isaac Ruto, gavana wa Bomet aliyekuwa madarakani, akachukua kiti hicho. Saratani ilimuua Julai 2019, akazikwa kwa mumewe, Kaunti ya Kisumu. Hata kaburi hilo naonyeshwa kama ushahidi kwamba hakuwa wa Bomet! Mazishi yalifuata mila. Ugavana una masharti yake: uwe mpiga kura aliyesajiliwa, uwe na digrii, utimize masharti ya maadili, upate tiketi ya chama au usimame kama mgombea huru. Hakuna panapoulizwa umeolewa wapi, na Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ndoa.

Anayenijia na hofu hii namwambia ahamishe usajili wake mapema ikiwa anapiga kura mbali, na aanze kuonekana nyumbani miaka miwili kabla ya mchujo wa vyama, si wiki mbili. Na awe yeye mwenyewe wa kumtaja mumewe hadharani, kabla wapinzani hawajamtaja.

Eti Joyce alirithi kiti cha dada yake? Lorna Laboso alikuwa mbunge wa Sotik hadi ajali ya ndege ya Juni 2008, iliyomuua pia waziri Kipkalya Kones. Huenda huruma ilimsaidia Joyce katika uchaguzi mdogo. Lakini huruma haimpi mtu ushindi mara tatu, tena kwa vyama vitatu: ODM, URP, kisha Jubilee. Mwaka 2013 wabunge wenyewe walimchagua kuwa naibu spika, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo katika Bunge la Taifa. Na kabla ya siasa alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Egerton.

Wengine hudhani kiti chetu ni cha mwakilishi wa wanawake tu. Hapana. Hicho ni kiti ambacho wanaume hawaruhusiwi kuwania. Vilivyobaki ni vya kila mtu. Mwaka 2013 hakuchaguliwa gavana mwanamke hata mmoja. Mwaka 2017 wakapatikana watatu: Laboso, Charity Ngilu wa Kitui na Anne Waiguru wa Kirinyaga. Mwaka 2022 wakawa saba.

La mwisho: gavana akifa, wananchi hawarudi debeni. Naibu huapishwa kumalizia muhula, kama alivyofanya Hillary Barchok, naibu wa Laboso, huko Bomet. Ndiyo maana hunikera mwaniaji anapomteua mgombea mwenza kwa sababu tu ana magari na pesa za kampeni.