Mizani, Bahari na Jina la Sifa: namna utenzi na utendi unavyofanya kazi

Hesabu kwa vidole: U-ke-re-we. Mizani, yaani mapigo ya silabi, nne. Mwa-nza, mbili. Sasa Viktoria. Wengi husema nne, na hapo ndipo utenzi unapoanza kuchechemea. Ni tano, Vi-k-to-ri-a, kwa kuwa ile k haina irabu nyuma yake, hivyo husimama peke yake mdomoni na kula pigo zima. Mvuvi ni tatu, m-vu-vi. Mbu ni mbili, lakini mbuga nayo ni mbili tu, maana katika neno refu sauti mb hutamkwa kwa pamoja. Ng'wanamalundi, shujaa wa masimulizi ya Kisukuma, ni tano: Ng'wa-na-ma-lu-ndi. Anayehesabu herufi badala ya kusikiliza ulimi wake atakosea kila mara, hasa kwenye majina ya kwetu Usukumani.

Hesabu hii ni muhimu kwa sababu ubeti wa utenzi una mishororo minne, na kila mshororo una mizani 8. Mishororo mitatu ya kwanza hutoa kina kimoja, yaani sauti moja ya mwisho, ambacho hubadilika ubeti hadi ubeti. Mshororo wa nne una kina chake, nacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hicho huitwa bahari, jina la ajabu kidogo kwa sisi tunaokaa ziwani. Tazama beti hizi mbili zilizotungwa kwa ajili ya somo hili:

Upepo alfajiri
ukavuma kwa kiburi,
wimbi likawa jabari
likitisha mitumbwini.

Mvuvi hakutetema,
kashika kasia vema,
hadi wimbi likakoma
akafika bandarini.

Mshororo wa kwanza ulitakiwa kuwa "upepo wa alfajiri", lakini huo una mizani 9, kwa hiyo "wa" imeondoka. Katika ubeti wa pili "akashika" imekuwa "kashika". Kufupisha neno hivi ni inkisari. Kinyume chake, kurefusha neno ili pigo litimie, ni mazida. Ukibadili sauti ya mwisho ili kina kipatikane bila kuongeza wala kupunguza mizani, hiyo ni tabdila. Zote ni ruhusa za mshairi, na zote hutumiwa vibaya. Ukifupisha maneno mawili katika mshororo wa mizani 8, msikilizaji hatakuelewa, na utenzi haumngojei kama kitabu kinavyomngojea msomaji. Kipimo chetu ni rahisi: msomee mtu asiyeona karatasi. Akiuliza "umesemaje?", rudi ukatunge upya.

Kosa lingine ni kuchagua bahari kwa haraka. Kina cha "-ni", kama hapo juu, ni chepesi kwa beti 10, kwa sababu kila mahali panakubali "-ni": ziwani, nyumbani, vitani. Ukifika ubeti wa 80 kila tukio litakuwa limekwisha kwa kutaja mahali, na masikio yamechoka. Kina cha "-a" kina nafasi zaidi kwa kuwa vitenzi vingi vya Kiswahili huishia hapo. Shaaban Robert alitunga utenzi wa vita vya 1939 hadi 1945 wenye beti 3,000; safari ya namna hiyo haitaki bahari nyembamba.

Hapa inafaa kutenganisha maneno mawili ambayo mitihani huyachanganya. Baadhi ya wataalamu hutumia utenzi kwa umbo, yaani hizo mizani na vina, na utendi kwa maudhui: masimulizi marefu ya shujaa na mambo makubwa ya jamii yake. Utenzi wa Mwana Kupona wa 1858 una umbo kamili, lakini ni mawaidha ya mama kwa binti yake, hauna shujaa wala vita. Kinyume chake kipo upande wa pili wa ziwa. Wahaya wa Kagera wana tendi zinazoimbwa kwa enanga, ala ya nyuzi juu ya ubao uliochongwa kama hori, na hazifuati mizani 8 hata kidogo. Ni tendi bila kuwa tenzi.

Msanii wa enanga hakariri maneno yote neno kwa neno. Ana mafungu ya maneno yaliyo tayari, nayo huitwa fomula. Mmarekani Milman Parry alionyesha jambo hilo kwa waimbaji wa Yugoslavia katika miaka ya 1930, alipokuwa akitafuta namna tendi za Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, zilivyotungwa. Shujaa wake Achilles, "mwepesi wa miguu", huitwa hivyo hata akiwa amekaa. Hilo si uzembe wa mshairi. Jina la sifa, au lakabu, linajaza pigo linalohitajika na kumpa mwimbaji nafasi ya kuwaza tukio linalofuata. Takriri, yaani kurudia maneno, nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Ukiulizwa "taja umuhimu wa takriri" na ukajibu "kusisitiza" tu, umesema nusu.

Mubalagha, yaani chuku, haiwekwi ili kudanganya. Husimuliwa kwamba Ng'wanamalundi alielekeza kidole kwenye miti ikakauka. Chuku ya aina hiyo humwambia msikilizaji shujaa huyu apimwe kwa kipimo gani. Lakini utendi mzuri haumwachi shujaa bila ufa. Fumo Liyongo, katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na anayemchoma ni mwanawe mwenyewe. Kabla ya hapo, akiwa kifungoni, anamtumia mama yake ujumbe wa mafumbo, naye anampelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa ambao walinzi hawautamani. Fumbo hapo ndilo linalosogeza hadithi. Ukilihesabu kama pambo, umekosa kisa chenyewe.

Majigambo ni mbinu ambayo mtu wa Mwanza hahitaji kitabu kuifahamu. Aliyewahi kutazama Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wakishindana Bujora, Kisesa, amesikia mtu akijisifu na kumdunisha mpinzani kwa wakati mmoja. Katika utendi wa vita, majigambo hutangulia pigano, na kazi yake ni taharuki: maneno yamekwisha kutoka, sasa mkono uyathibitishe. Yakija baada ya pigano hupoa.

Kwa desturi ya pwani, utenzi huanza kwa kumtaja Mungu, na mara nyingi mshairi huomba aletewe karatasi, wino na kalamu. Mwisho wake, tamati, huweza kutaja jina la mtunzi, tarehe na idadi ya beti. Idadi hiyo ilikuwa kufuli. Miswada ilinakiliwa kwa mkono, na kama tamati imesema beti 300 nawe umehesabu 297, unajua kwamba mnakili mmoja njiani aliruka beti tatu.