Je, Wahindu huabudu udongo?

Dhana hii ni ya zamani, lakini sikukuu ya Ganesh Chaturthi huko Maharashtra, India, inaipinga waziwazi. Sanamu ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, ikitoka kwa mfinyanzi ni udongo tu. Husomwa kwanza mantra (maneno matakatifu) za pranapratishtha, yaani ibada ya kumwalika mungu akae humo. Kuanzia hapo waumini humwona yupo kweli (kusema sanamu ni "ishara tu" nako ni kupunguza mno), naye hukirimiwa kama mgeni: maji, maua, majani 21 ya nyasi ya durva, na vitafunio vitamu viitwavyo modak, vya unga wa mchele vilivyojazwa nazi na sukari guru. Baada ya siku moja na nusu, 5, 7 au 10, huagwa kwa ibada, kisha sanamu huzamishwa majini iyeyuke. Sanamu ya plasta haiyeyuki upesi. Vipande hubaki na kuchafua maji.