Andiko la ulinzi wa supamaketi: anzia mlango wa nyuma

Andiko langu la kwanza la kuomba kazi ya ulinzi dukani lilikuwa na kurasa 34. Jaladani niliweka picha ya walinzi wamejipanga mstari, viatu vinang'aa. Ndani kulikuwa na dira, dhamira, historia ya kampuni na picha tatu za pikipiki yetu ya doria. Mama mwenye supamaketi, hapa Dar es Salaam, alilifungua katikati, akalifunga, akaniuliza: "Mwanangu, ukurasa unaosema mali yangu inatokea wapi ni wa ngapi?"

Haukuwepo. Kazi nikaikosa, na kwa haki kabisa.

Siku hizi siandiki hata mstari mmoja kabla sijapewa vitu viwili: siku tatu za kukaa ndani ya duka, na matokeo ya hesabu mbili za mwisho za stoki. Mwenye duka akikataa, namshukuru naondoka, maana ninachoweza kumwandikia hapo ni bei ya walinzi tu, na bei ya walinzi anaipata kwa simu.

Hesabu yenyewe haina ufundi mkubwa. Chukua stoki ya mwanzo, jumlisha manunuzi, toa vilivyouzwa, vyote kwa bei ya kununulia. Toa pia vilivyoharibika na vilivyokwisha muda wake, ikiwa viliandikwa. Hapo unapata mali iliyopaswa kuwepo. Linganisha na iliyohesabiwa kwa mkono kwenye shelfu na stoo. Pengo ndilo upotevu.

Tuseme duka linauza milioni 120 kwa mwezi na pengo ni milioni 2.4, yaani 2% ya mauzo. Mwenye duka akisikia asilimia mbili hashtuki. Lakini supamaketi inayobakiwa na faida ya shilingi nne katika kila mia inabidi iuze bidhaa za milioni 60 ili kuziba shimo hilo. Ni nusu ya mauzo ya mwezi mzima. Sentensi hiyo naiweka ukurasa wa kwanza, juu kabisa, kabla hata ya jina la kampuni yangu.

Kabla ya kumtaja mwizi, hata hivyo, pitia makaratasi. Sehemu ya pengo haijaibiwa na mtu. Katoni ya vipande 12 imeingizwa kwenye kompyuta kama ya vipande 24, na tayari "zimeibiwa" soda 12 ambazo hazikuwahi kufika. Ukiona juisi ya embe imepungua sita na ya pasheni imezidi sita, hapo hakuna mwizi. Kuna keshia mwenye haraka aliyeskani boksi moja la pasheni mara saba, wakati mteja alibeba moja la pasheni na sita za embe. Andiko linalomwonyesha mwenye duka makosa ya namna hii linaaminiwa hata pale linapofika kwenye wizi wenyewe.

Na wizi wenyewe, kwa maduka niliyokaa, nauanzia nyuma. Kila mtu anaangalia mlango wa mbele kwa sababu ndiko wateja wanakopita, na mteja ni mgeni, ni rahisi kumshuku. Mlango wa kupokelea mizigo una watu tunaowajua. Gari la msambazaji linaingia saa saba mchana, mpokeaji yuko njiani kwenda kula, delivari noti, yaani karatasi ya kupokelea mzigo, inasainiwa kwa kuhesabu maboksi ya nje ya rundo. Katikati ya rundo kuna nafasi. Saa moja usiku maboksi matupu yanatolewa kupelekwa kwa wanunuzi wa karatasi, na si yote ni matupu. Mapendekezo yangu hapa ni ya bei rahisi mno kiasi kwamba wenye maduka wengine wanadhani nawatania: boksi lisitoke bila kukunjwa bapa, taka zitoke kwenye mifuko inayoonyesha ndani, mzigo upokelewe na watu wawili, na msambazaji aelekezwe saa za kuja. Muda wa chakula mlango unafungwa.

Kisha kaunta. Keshia anaweza kumpitishia jamaa yake kilo mbili za nyama kwa bei ya vitunguu, au akaskani kitu kimoja kati ya vitatu. Anaweza kufuta bidhaa baada ya mteja kulipa taslimu, fedha ikabaki kwake. Kamera peke yake haioni hayo, maana ukiangalia picha unaona mtu anafanya kazi. Inayoyaona ni orodha ya bidhaa zilizofutwa, ikiwa na saa na jina la keshia, ukiiweka kando ya picha za dakika zile zile. Kwa hiyo andikoni siombi kamera 16 za kupamba dari. Naomba nne zinazotazama mikono na droo, na ruhusa ya kusoma orodha hiyo kila Jumatatu.

Mbele nako kuna kazi. Vinavyoibiwa na wateja ni vidogo, vya bei na vinauzika upesi mtaani: maziwa ya unga ya watoto, nyembe, manukato ya kwapani, chupa ndogo za pombe kali, memori kadi. Mtu akikuuzia geti la kengele, lile la mlangoni linalolia bidhaa isiyolipiwa ikipita na lebo yake, muulize linatumia masafa gani ya mawimbi. Yale ya 8.2 MHz yanasumbuliwa na makopo ya bati kuliko ya 58 kHz, na maziwa ya watoto huwa kwenye kopo la bati. Nimeona duka limefunga geti la gharama ambalo halikuwahi kulia kwa bidhaa iliyokuwa ikiibiwa zaidi.

Sasa bei, ambako ndiko kampuni nyingi zinajizika. Mteja wako, yaani mwenye duka, anasema anataka "mlinzi mmoja mlangoni". Duka linafunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku, siku saba. Hizo ni saa 91 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida. Gawanya: watu wawili na kidogo. Ongeza likizo ya siku 28 kwa mwaka, homa na misiba, unakaribia watu 2.3. Lindo la saa 24 ni saa 168, na ukiweka likizo unafika watu wanne. Anayekuja na bei ya mtu mmoja na nusu atawafanyisha zamu za saa 12 kila siku bila kuwalipa saa za ziada kwa mara moja na nusu, na mlinzi mwenye njaa mbele ya shelfu ya maziwa ni hatari ambayo mteja ameinunua mwenyewe. Juu ya mshahara weka nyongeza ya 5% kwa saa za usiku, sehemu yako ya NSSF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, tozo ya ufundi stadi ikiwa idadi ya watu wako inakufikisha huko, sare, na msimamizi anayezunguka. VAT 18% iandikwe mstari wake peke yake. Kumbuka ritani ya VAT inadai tarehe 20 hata kama mteja hajakulipa ankara, na walinzi hawasubiri mshahara siku 45 mpaka mteja alipe.

Halafu fanya jambo ambalo wauzaji hawapendi. Rudi kwenye lile pengo la milioni 2.4. Ukiahidi kulishusha hadi 1.2% ya mauzo, umeokoa 960,000 kwa mwezi. Huduma mpya unayopendekeza ikizidi hapo, mteja anapata hasara kwa kukuajiri wewe. Lindo la usiku lina hoja yake ya uvamizi na moto, litenganishe. Lakini kwa wizi wa mchana mara nyingi najikuta nimefuta mlinzi wa pili wa mlangoni na kuweka mtu mmoja wa kuhesabu nyuma. Ahadi nayo iwe ya kupimika: bidhaa 30 zinazopendwa na wezi, zihesabiwe kila wiki kabla ya kufungua, kwa miezi sita. Anayeandika "tutakomesha wizi kabisa" anajitia kitanzi.

Ukurasa wa mwenendo wa walinzi wengi wanaunakili kutoka andiko la mwenzao. Mimi naupa uzito, kwa sababu ya neno moja: "mwizi!" Ukilipaza nje ya duka, unaweza kuwa umemuua mtu kwa sabuni ya elfu tatu. Walinzi wangu ni marufuku kulitamka. Anayeshukiwa anafuatwa na watu wawili, kwa lugha ya "samahani dada, kuna kitu hatujakipiga kaunta", anapelekwa ofisini, akipekuliwa ni mwanamke kwa mwanamke, na polisi wanaitwa bila kuchelewa kama Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inavyotaka kwa raia aliyemkamata mtu. Picha yake haibandikwi ukutani wala kutupwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Tangu 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu kwenye kamera ni taarifa yake. Andika picha zinahifadhiwa siku ngapi na nani ana nywila.

Na kifungu cha fidia, kinachosema nani analipa mali ikipotea, kisomeshe kwa wakili. Mteja mmoja aliwahi kunikata kwenye ankara za miezi mitatu kila alichosema kimepotea, bila hesabu wala uchunguzi, na mkataba nilioutunga mwenyewe ulimruhusu. Sasa naandika: hasara ithibitishwe kwa hesabu ya pamoja, uzembe wa mlinzi uonyeshwe, fidia ina ukomo, na mteja hakati ankara kwa uamuzi wake peke yake. Nyuma yake naambatisha bima, leseni, TIN na barua mbili za wateja. Pikipiki nimeiondoa.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa yule mama na kurasa sita. Alianza na wa pili, wa hesabu. Akamwita mhasibu wake, wakabishana wao kwa wao kuhusu juisi ya pasheni kwa robo saa nzima, mimi nakunywa chai.