Upepo, Miwa na Ukingo wa Msitu

Nikifika mahali upepo ulipoangusha miti, kwanza hupiga magoti nikatazama mizizi. Mti uliong'oka na bonge la udongo hunipa habari za ardhi: pengine udongo ni haba juu ya mwamba, pengine maji yametuama tangu mvua zianze. Mti uliokatika shina huku mizizi imeshikilia vilevile hunipa habari za umbo lake. Paini ya mita 20 yenye kipenyo cha sentimita 20 kwenye kimo cha kifua cha mtu ni nyembamba mno, urefu wake ni mara 100 ya unene. Sisi wa misitu huanza kuwa na wasiwasi uwiano huo ukipita 80.

Uganda haipigwi na vimbunga vya baharini. Upepo wetu mkali hutoka kwenye mawingu ya radi: mvua inapomwagika, hewa iliyopoa huporomoka pamoja nayo, ikagonga ardhi na kutawanyika kwa kasi. Dakika chache tu, kwisha. Ila nguvu inayousukuma mti hufuata mraba wa kasi ya upepo; kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Ndiyo sababu alasiri moja huangusha miti iliyostahimili misimu mingi.

Linaloninyima usingizi ni miwa. Nimetembea sana kando ya Msitu wa Budongo, upande wa Masindi, pale miwa inapokutana na miti. Vibarua wa huko wametoka pande nyingi, wengine West Nile, wengine Kongo, nasi huelewana kwa Kiswahili. Miwa siku hizi ni zao la nishati pia: makapi yake huchomwa kiwandani yatoe mvuke na umeme, na kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, huuza umeme huo kwenye gridi ya taifa. Sina ugomvi na umeme wa makapi. Ugomvi wangu ni na hesabu inayosimama pale shamba linapoishia.

Mti uliozaliwa ukingoni hutikiswa tangu utoto, hivyo hunenepesha shina na kukaza mizizi. Wa ndani hukua mrefu na mwembamba, umekingwa na wenzake. Fyeka msitu upande mmoja, na yule wa ndani anakuwa wa ukingoni kwa siku moja, bila maandalizi yoyote. Upepo unateleza juu ya miwa bila kizuizi, unaugonga ukuta wa miti na kuvurugika ndani yake.

Karibu na Manaus, Brazili, watafiti wamefuatilia vipande vya msitu tangu 1979. Ndani ya mita 100 kutoka ukingoni, baadhi ya vipande vilipoteza hadi asilimia 36 ya uzito wa miti yake katika miaka 10 hadi 17. Miti mikubwa iliyo ndani ya mita 300 ilikufa karibu mara tatu zaidi ya ile ya katikati, kwa kuwa shina nene halipindi. Hung'oka au hukatika. Haya, piga hesabu: kila kilomita moja ya ukingo mpya yenye kina cha mita 100 ni hekta 10 zilizojeruhiwa, na hakuna aliyezigusa kwa panga.

Mwaka 2007, Kampala ilipoandamana kupinga mpango wa kukata sehemu ya Msitu wa Mabira ili ipandwe miwa, hekta zilizotajwa zilikuwa takriban 7,100. Niliuona ujasiri wa watu wale na ninauheshimu mpaka leo. Lakini ukingo haukutajwa, na ukingo ndio ungeendelea kula msitu baada ya mashine kuondoka.

Mikaratusi ya kuni, kama ile inayokausha majani ya chai upande wa Fort Portal, ina udhaifu wake: ikishakatwa, machipukizi yake hushikamana na kisiki kwa juujuu yanapokuwa machanga, na upepo huyabandua. Yapunguze mapema, ubakize mawili au matatu kwa kila kisiki.

Pale miwa inapopakana na msitu ninashauri ngazi: vichaka vifupi kama kaliandra kwanza, kisha miti ya musizi, ndipo msitu wenyewe. Mstari wa miti uwe na matundu, upepo upite umepungua nguvu. Ukuta uliobanana huurusha upepo juu, nao hushuka upande wa pili ukiwa na vurugu zaidi. Hii inamgharimu mkulima mistari kadhaa ya miwa, na naona ni haki kiwanda kimfidie.

Na mahali miti imeshaanguka, kagua kabla ya kuchoma miwa ya kuvuna. Matawi makavu yamelala mpakani, majani yameingiana na ya miwa, na moto hauoni mpaka. Fyekeni njia ya moto kwanza, hata kama lori linasubiri.