Hula, ngoma ya Hawaii, si kukata kiuno: dhana potofu kuhusu muziki wa visiwa vya Pasifiki

Mwaka mmoja shuleni tulikuwa na siku ya tamaduni za dunia, na darasa langu la tano likapangiwa “Pasifiki”. Nilikuwa na wiki mbili za maandalizi. Nikawavalisha watoto sketi za nyuzi za viroba, wasichana wakawa mbele wanakata viuno, wavulana nyuma wanatoa ndimi na kujipiga vifua, na kigitaa cha ukulele kikalia kwenye spika. Wazazi walipiga makofi sana. Baadaye nilipokaa na kusoma, na zaidi kusikiliza, nikaona kwamba karibu kila nilichokiweka jukwaani siku ile kilikuwa kimewekwa mahali pasipo pake. Haya ndiyo niliyoyakosea, na bado nayasikia kwa walimu wenzangu.

Dhana: ni muziki mmoja, wa watu wa visiwani

Kosa mama ni hili. Papua New Guinea peke yake ina lugha zaidi ya 800. Polynesia ni pembetatu inayoanzia Hawaii kaskazini, ikashuka hadi Aotearoa, yaani New Zealand, na kwenda mashariki mpaka Rapa Nui, yaani Kisiwa cha Pasaka. Mistari inayoitenga na makundi mengine mawili ya visiwa, Melanesia na Micronesia, ilichorwa na baharia Mfaransa, Dumont d'Urville, mwanzoni mwa miaka ya 1830. Wenyeji hawakuulizwa.

Sikiliza vyombo vyenyewe. Hawaii kuna pahu, ngoma ya kusimama iliyowambwa ngozi ya papa. Papua New Guinea kuna kundu, ngoma iliyobanwa katikati na kuwambwa ngozi ya kenge au mjusi. Wamaori wa Aotearoa hawakuwa na ngoma ya ngozi kabisa. Wao walikuwa na filimbi fupi iitwayo kōauau, kombe la baharini la kupuliza, na pūrerehua, kibao kinachofungwa kamba na kuzungushwa hewani mpaka kinguruma. Kiribati utawakuta wanaume wamelizunguka sanduku la mbao wanalipiga kwa viganja, huku wachezaji wakinyoosha mikono na kukatisha vichwa ghafla kama yule ndege mkubwa wa baharini aliyechorwa kwenye bendera yao.

Kosa hili limewahi kutugusa hata sisi huku. Mwaka 1970 mtafiti Hugo Zemp alimrekodi mwanamke aitwaye Afunakwa katika kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon, akiimba bembelezo kwa lugha ya Kibaegu: mtoto yatima anatulizwa na nduguye mkubwa. Mwaka 1992 kundi la Kifaransa la Deep Forest liliichukua sauti ile, likaifunika kwa midundo ya kompyuta, na ikauzwa dunia nzima kwenye albamu iliyojaa sauti za misitu ya Afrika ya Kati. Wasikilizaji wakadhani na Afunakwa ni wa huko huko. Mwaka 1996 mpiga saksafoni Jan Garbarek wa Norway aliupiga wimbo ule na kuupa jina linalouhusisha na watu wa misitu ya Kongo. Mama wa Malaita akageuzwa Mwafrika kwa sababu tu hakuna aliyeuliza wimbo unatoka wapi. Sisi tunaokereka tukisikia mtu anasema “ngoma za Kiafrika” kana kwamba lizombe na chakacha ni kitu kimoja, tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza.

Kwa hiyo darasani kwangu hakuna tena “wimbo wa Pasifiki”. Upo wimbo wa Malaita, wa Tonga, wa Tahiti, na kila mmoja una pini yake kwenye ramani. Watoto wakiuliza hao ni watu gani, ninaanzia karibu: Wamalagasi, majirani zetu wa ng'ambo ya mlango wa bahari wa Msumbiji, ni ndugu zao wa lugha. Tano kwa Kimalagasi ni *dimy*, kwa Kisamoa ni *lima*, kwa Kimaori *rima*. Darasa lilicheka, maana kwetu kulima ni kushika jembe, lakini hawajaisahau.

Dhana: ukulele ni chombo cha kale cha Hawaii

Tarehe 23 Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na Wareno kutoka kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Walikuwa na kigitaa chao cha nyuzi nne, machête. Watatu kati yao, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, walikuwa mafundi seremala, na kutoka mikononi mwao ikazaliwa ukulele. Mfalme Kalākaua akaipenda na kuiingiza ikulu. Gita la kawaida lilitangulia kidogo, likaletwa na wachunga ng'ombe kutoka Mexico katika miaka ya 1830, na Wahawaii wakalilegeza nyuzi kwa namna yao. Kisha kijana wao Joseph Kekuku akaanza kutelezesha chuma juu ya nyuzi, na sauti ile ya kulialia ikasafiri dunia nzima.

Je, basi si yao? Ni yao. Fidla na kodiani hazikuchongwa Unguja, na hakuna anayethubutu kusema taarabu si ya Waunguja. Mwambie mtoto tarehe na jina la meli, basi. Usimwambie “tangu enzi za mababu”.

Dhana: hula ni kukata kiuno kwa sketi za majani

Hapa ndipo nilipoaibika zaidi, na ndipo penye utamu wote.

Kwanza, viuno vile vya haraka vinavyofuatana na ngoma za kasi ni vya Tahiti, kwenye ngoma iitwayo ʻōteʻa, inayoongozwa na tōʻere, gogo lililotobolewa tumbo na kugongwa kwa kijiti. Sketi ndefu ya nyuzi za gome la mti nayo inatambulika zaidi huko. Hawaii ya kale walivaa kapa, nguo ya gome lililopondwa. Sketi za nyasi waliingia nazo vibarua kutoka Visiwa vya Gilbert, Kiribati ya leo, mwishoni mwa karne ya 19. Mimi niliwachanganya Tahiti, Kiribati na Hawaii, nikaweka na ukulele ya Wareno juu yake.

Pili, hula ni maneno. Panapo hula pana *mele*, yaani shairi, na mwili unalisema shairi lile. Mkono unaopanda taratibu na vidole vikichezacheza unaweza kuwa mvua ya bonde fulani lenye jina lake. Kiuno kinasogea kwa sababu magoti yamekunjwa na uzito unahamia mguu hadi mguu. Mfundishe mtoto magoti, kiuno kitajifuata chenyewe. Zipo hula za kukaa chini ambazo kiuno hakihusiki kabisa. Wanaume wanacheza tangu zamani. Mashairi mengi yana maana ya juu na maana ya ndani, na msomaji aliyekulia kwenye mafumbo ya Kiswahili hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Kwenye shule za hula, zinazoitwa hālau, wanafunzi husimama nje ya mlango na kuimba oli, yaani wimbo wa kughani, ya kuomba kuingia, na mwalimu huwajibu kwa oli. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu: ni hodi, ila inaimbwa! Nikaijaribu kwa Kiswahili. Watoto walitunga hodi yao ya mistari minne, nami nikatunga karibu. Sikuwaambia wanaimba oli. Niliwaambia wamejifunza desturi kutoka Hawaii na kuitungia maneno ya kwao.

Kuhusu vyombo, tafuta kokoto za mtoni. ʻIliʻili ni mawe laini mawili katika kila mkono, jiwe moja likilala kiganjani na jingine likishikwa na vidole, yanagonganishwa kwa kufumba na kufumbua mkono. Kokoto za barabarani hazifai: zina kona na zinaumiza, na mlio wake ni wa kukwaruza. Darasa lilihitaji vipindi viwili kabla mawe hayajaacha kuanguka.

Watoto wajue pia kuwa hula iliwahi kupigwa marufuku hadharani. Mwaka 1830 Ka'ahumanu, mtawala aliyekuwa ameupokea Ukristo, alitoa amri hiyo. Kalākaua ndiye aliyeirudisha waziwazi, wakati wa sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883. Tamasha kubwa la hula linalofanyika katika mji wa Hilo kila mwaka baada ya Pasaka limepewa lakabu yake, Merrie Monarch, yaani Mfalme Mchangamfu.

Dhana: haka ni kelele za vita

Neno haka la Wamaori linafanana na neno letu ngoma: linabeba aina nyingi. Ipo ya kupokea wageni, ya mazishini, ya kusherehekea mhitimu. Wanawake wamo. Ile maarufu ya timu ya raga ya New Zealand, “Ka Mate”, ilitungwa mnamo 1820 na Te Rauparaha, chifu wa kabila la Ngāti Toa, baada ya kujificha kwenye shimo la kuhifadhia viazi vitamu akikimbia waliomtafuta, kisha akatoka akaliona jua. Ni wimbo wa mtu aliyepona. Tangu 2014 ipo sheria ya New Zealand inayotambua kuwa haka hiyo ni ya Ngāti Toa, na inayotaka watajwe inapotumiwa kibiashara. Mimi wavulana wangu niliwatolesha ndimi bila hata neno moja la maana yake.

Ukitaka kuona inavyofundishwa na wenyewe, tazama Polyfest ya Auckland, mashindano ya shule za sekondari yaliyoanza 1976. Kuna jukwaa la Kimaori, la Kisamoa, la Kitonga, la Visiwa vya Cook, la Kiniue. Hakuna anayewarundika pamoja.

Dhana: kuimba kwa sauti nyingi kuliletwa na wamisionari

Nusu tu. Nyimbo za Kikristo zilileta mpangilio wake, lakini mabaharia wa nahodha Mwingereza James Cook waliofika Tonga katika miaka ya 1770 waliandika kuwa walisikia watu wakiimba kwa sauti zaidi ya moja. Lakalaka ya Tonga, inayochezwa na mamia ya watu waliopanga safu, bado inatungwa na punake, ambaye kwetu angekuwa malenga na manju katika mtu mmoja. UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2003.

Dhana: bila vyombo halisi huwezi kufundisha

Mkeka upo? Basi Samoa imefika. Huko mkeka hukunjwa ukawa mviringo, ukapigwa kwa vijiti viwili, na juu ya mdundo huo watoto wanaweza kujifunza namna ya sāsā: safu za watu walioketi, makofi, mikono inayoonyesha kazi za kila siku, wote kwa pamoja kama mtu mmoja.

Na bendi za mianzi za Visiwa vya Solomon, ambazo ni za karne ya 20, hupiga midomo ya mianzi mirefu kwa soli za kandambili. Fundi bomba wa mtaani alinikatia vipande vya bomba la plastiki. Kipande cha sentimita 60 kinatoa sauti nzito, cha 30 kinatoa karibu sauti ile ile kwa oktava moja juu. Za katikati tulizitafuta kwa msumeno na sikio. Piga na uinue haraka, ukichelewa mlio unakufa. Kandambili zilizochakaa zinalia vizuri kuliko mpya.

Kuna kimoja nisichokigusa: filimbi takatifu za baadhi ya jamii za Papua New Guinea, ambazo kwa desturi wanawake na watoto hawakuruhusiwa kuziona. Wenzetu wenye jando na unyago wataelewa bila maelezo.

Safari hii darasa langu halikupanda jukwaani na “Pasifiki”. Lilipanda na Samoa tu: mkeka mmoja, vijiti viwili, watoto 42 wameketi safu nne. Kwenye bango mtoto mmoja aliandika SAMOA kwa rangi nyekundu, na chini yake, kwa herufi ndogo ambazo sikumwagiza: “Hawaii iko zaidi ya kilomita 4,000 kutoka hapo.”