Kutaifisha vitu vya ibada: maana yake, na yaliyowapata Warusi

Neno kutaifisha tunalijua tangu Azimio la Arusha, kwa mabenki na mashamba ya mkonge. Benki ikitaifishwa inabaki benki. Kombe la komunyo likitaifishwa ni jambo jingine: mwenye nalo mpya hana ibada ya kulitumia, kwa hiyo inambidi aamue alifanye nini. Alirudishe kwa waumini kwa mkopo, aliweke kwenye kabati la kioo, aliuze, au aliyeyushe.

Kutaifisha vitu vya ibada ni hilo basi: dola kuchukua umiliki wa mali ya dini na pamoja nao haki ya kuamua matumizi yake. Mfano unaoonyesha njia zote nne ni Urusi baada ya mapinduzi ya 1917.

Amri ya Januari 1918 ya kutenganisha dini na dola ilisema jumuiya za dini haziwezi kumiliki mali, na kwamba vyote walivyokuwa navyo sasa ni mali ya umma. Lakini iliongeza kwamba majengo na vifaa vya ibada vinaweza kukabidhiwa waumini wavitumie bure. Yaani padri aliendelea kushika kombe lile lile, ila sasa kama mtu aliyeazima. Kipengele hicho kidogo tukikumbuke, tutakirudia.

Mwaka 1922, njaa ikiwa imelikumba bonde la Volga, serikali iliamuru dhahabu, fedha na vito vitolewe makanisani. Hapo makumbusho yaligeuka mahali pa kukimbilia, maana kitu kilichoonekana kuwa na thamani ya sanaa au historia kiliweza kuponea humo, na vingine vingi vikaishia kwenye tanuri. Wataalamu wa makumbusho wamelaumiwa sana kwamba walishirikiana na waporaji. Mimi naona lawama hiyo ni nusu ya haki tu. Bila wao orodha ya vilivyobaki ingekuwa fupi mno.

Hata makumbusho yaliyokuwa ya kanisa lenyewe hayakuachwa. Chuo cha teolojia cha Kyiv, Ukraine, iliyokuwa wakati huo sehemu ya dola ya Urusi, kilikuwa na makumbusho yake tangu 1872, na hazina yake kubwa ilikuwa ikoni nne, yaani picha takatifu za kwenye ubao, zilizochorwa kwa rangi ya nta, za karne ya 6 na 7. Askofu Porphyrius Uspensky alizileta katika karne ya 19 kutoka monasteri ya Mtakatifu Katarina, Sinai, Misri. Ikoni za umri huo ni adimu kwa sababu wafalme wa Bizanti, dola ya Kikristo ya Konstantinopoli, waliwahi kupiga vita picha za ibada. Zile za Sinai zilinusurika kwa kuwa jangwa hilo lilikuwa chini ya utawala wa Waislamu, mbali na mkono wa wafalme hao. Chuo kilipofungwa na Wabolsheviki, wakomunisti walioshika dola mwaka 1917, ikoni zikahamia makumbusho ya serikali, na mwaka 1940 zikaingia katika makumbusho ya Kyiv ambayo leo yanaitwa Khanenko. Mwaka 2023, kwa sababu ya vita, zilisafirishwa hadi makumbusho ya Louvre, Paris. Anayedai zirudi kwao aseme kwanza kwao ni wapi.

Kuuza nako kulifanyika. Mwaka 1933 Moscow iliwauzia Waingereza Kodeksi ya Sinai, Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4, kwa pauni 100,000.

Mengine yalisahaulika tu. Kanisa kuu la Kazan huko Leningrad (leo St. Petersburg) lilifanywa makumbusho ya historia ya dini na ukanamungu mwaka 1932. Karibu miaka 60 baadaye, wafanyakazi wakikagua stoo, walikuta masalia ya Mtakatifu Serafim wa Sarov, mtawa maarufu wa Urusi, ambayo waumini walidhani yamepotea kabisa. Kanisa liliyapokea Januari 1991.

Siku hizi mkondo umegeuka. Ikoni ya Utatu ya mchoraji Andrei Rublev, iliyochukuliwa monasterini 1929 ikawekwa katika makumbusho ya Tretyakov, Moscow, ilirudishwa kwa Kanisa kwa uamuzi wa Rais Putin uliotangazwa Mei 2023, ingawa wataalamu walionya kwamba ubao wake ni dhaifu. Mwezi huo huo makumbusho ya Hermitage yalikubali kulikabidhi Kanisa kaburi la Aleksandr Nevsky, mtawala wa kale aliyetangazwa mtakatifu, kazi ya karne ya 18 yenye zaidi ya tani moja ya madini ya fedha, ambalo mwaka 1922 lilinusurika kuyeyushwa.

Wengi waliita tukio hilo kurudishwa kwa mali. Mkataba wenyewe ni wa matumizi ya bure kwa miaka 49, na kaburi linabaki mali ya serikali, kama ile amri ya 1918 ilivyotaka.